Koti la Bibi Secilia

Ukungu ulikuwa haujainuka bado Inspekta Eliaichi alipopanda kilima kwenda msibani, na njia nzima ilikuwa ya utelezi wa udongo mwekundu. Nyuma ya nyumba wanawake walikuwa wameshawasha mioto. Sufuria za maharage zilikuwa zinatokota, na mama mmoja mnene alikuwa anamenya viazi huku anaimba pambio taratibu, bila hata kukitazama kisu.

Eliaichi alivua kofia. Kabla ya kazi ya serikali alikwenda kwanza kwa wazee waliokaa kwenye benchi zilizoazimwa kanisani, akawaamkia mmoja mmoja, shikamoo mzee, shikamoo mama, huku ameinama na macho yakiwa kwenye viatu vyao, kama mtu aliyelelewa vizuri anavyotakiwa kufanya. Nyuma yake Koplo Zabron alifanya vivyo hivyo. Ndipo walipoenda pembeni.

"Gari linaondoka saa ngapi?" Eliaichi aliuliza.

"Baada ya chakula cha mchana, afande. Mkuu amesema kama huna jingine jipya, msichana anashuka mahabusu Tanga leo leo."

Msichana mwenyewe alikuwa Glory, mtoto wa watu wa Lukozi, aliyekuwa akimtunza marehemu. Alikuwa ndani tangu juzi. Marehemu ni Bibi Secilia, mwenye miaka themanini na kitu, aliyekutwa amelala kifudifudi chini ya ukuta wa mawe mbele ya nyumba yake, ukuta wa Wajerumani wenye kimo cha watu wawili. Shingo ilikuwa imevunjika. Na kabatini mwake kopo la filamu halikuwepo.

Lile kopo Lushoto nzima walikuwa wanalijua kwa kulisikia. Sebuleni, juu ya jeneza, picha ya marehemu ilikuwa bado inaning'inia kwenye msumari wake: msichana mweusi mwembamba, nywele zimekatwa fupi, kola ya manyoya shingoni, na macho makubwa yaliyopakwa wanja hadi yakaonekana yameumeza uso mzima. Eliaichi aliitazama kwa muda.

"Hapo alikuwa Berlin," alisema Kornelio. Huyu alikuwa mtoto wa kaka wa marehemu, mstaafu wa reli kutoka Tanga, suti yake ya kijivu imepigwa pasi vizuri. "Shangazi alikuwa shule ya misheni. Akapita Mzungu mmoja na mashine yake ya miguu mitatu, anapiga sinema za milima. Alipomwona tu akasema huyu. Akaenda naye Ujerumani. Zilikuwa sinema bubu, afande, hakuna anayesema neno. Kila kitu usoni. Alicheza malkia, alicheza mtumwa, alicheza mwizi wa farasi. Mwenyewe alikuwa anatuambia amekufa mara tatu na kila mara walimlipa."

"Kwa nini alirudi?"

"Sinema zilianza kusema. Wakamsikiliza, wakaona sauti haifanani na ule uso waliouzoea. Basi. Akapanda meli na kopo moja, akaja hapa akawa anawafundisha watoto michezo ya Krismasi." Kornelio alishusha pumzi. "Mwaka huu mchungaji ameletewa habari na Wajerumani wanaohifadhi filamu za zamani. Nyingine zote ziliungua vitani. Imebaki hii moja tu. Yule msichana alisikia kila kitu. Na pini ya fedha ya shangazi mmeikuta kwenye sanduku lake ninyi wenyewe."

"Anasema alipewa."

"Wote husema hivyo."

Eliaichi alitoka mlango wa nyuma, Kornelio akamfuata. Kulikuwa na kamba ya katani iliyofungwa kwenye mwimo wa mlango, ikaenda hadi jikoni, na kutoka jikoni ikaenda hadi chooni, yote usawa wa kiuno. Katikati ilikuwa imesuguliwa hadi ikang'aa.

"Hii ya nini?"

"Ya kuanikia."

"Nguo si zitaburuza chini?"

"Msichana mvivu huyo, afande, nimekuambia. Hata kufunga kamba juu hawezi."

Jikoni, rafuni, makopo yalikuwa yamepangwa kwa mstari. La chumvi lilikuwa na uzi mmoja shingoni, la sukari nyuzi mbili, la majani ya chai limefungwa kitambaa. Eliaichi aliligusa kila moja akalirudisha mahali pake. Kisha akazunguka mbele. Huko hakukuwa na kamba. Kutoka barazani, njia ya mkato ilikuwa inakwenda moja kwa moja hadi ukingoni mwa ule ukuta, halafu ngazi za mawe zinakata kushoto ghafla na kushuka barabarani. Asiyekata kushoto anakwenda hewani.

"Kornelio, wewe ulitaka bibi aondoke hapa?"

Mzee yule alinyoosha ukosi wa suti. "Nani amekuambia?"

"Majirani wana midomo."

"Nilitaka aje kwangu Tanga, ndiyo. Mtu wa umri ule anakaa na kitoto cha watu kilimani! Na kiwanja kinatakiwa, sikufichi, kuna watu wanataka kujenga hoteli. Sasa mambo yamefunguliwa, kila mtu anataka kujenga. Lakini juzi mimi nilikuwa Tanga, kwenye mkutano wa wastaafu. Waulize."

"Tumeshauliza," Eliaichi alisema. "Ulikuwepo."

Mtu wa mwisho kumwona marehemu akiwa hai alikuwa palepale chini ya turubai, anagawa soda kwa wafiwa kama mtoto wa nyumba. Jina lake Ulimboka, kijana wa makamo kutoka Dar, koti la ngozi, viatu vyenye ncha. Tangu biashara ziachiwe, watu wa namna yake walikuwa hawakauki Lushoto: wananunua saa za ukutani za Wajerumani, cherehani, vitasa vya shaba, hata milango. Jirani alimwona akiingia kwa Bibi Secilia asubuhi ile, na yeye alipoulizwa hakukana. Alikwenda kituoni kwa miguu yake mwenyewe.

"Shikamoo afande."

"Marahaba. Hebu nieleze tena, tangu ulipoingia."

"Si nimeshaandikisha maelezo?"

"Nimeyasoma. Sasa nataka kuyasikia."

Ulimboka aliweka chini kreti ya soda. "Nilibisha hodi, akanikaribisha vizuri sana. Bibi mchangamfu yule. Nikamwamkia, akaitika, akasema nimependeza. Nikamwomba anionyeshe hiyo sinema, nione tu. Akalitoa kopo kabatini, akavuta ule utepe, akausogeza pale dirishani kwenye mwanga. Akawa ananionyesha: huyu ni mimi, hapa naruka kutoka kwenye farasi. Anacheka peke yake kama mtoto. Nikamwambia bibi, niuzie. Akakataa. Akalirudisha kabatini. Nikaaga."

"Halafu?"

"Akanisindikiza mpaka barazani. Nilipofika barabarani nikageuka, nikamwona amesimama palepale. Akanipungia mkono. Mbele kidogo nikapishana na yule msichana anapandisha na kikapu, amenuna. Hata salamu hakunipa."

"Kwa hiyo ulimwacha bibi mzima, na kopo likiwa kabatini."

"Mzima kabisa. Mimi nimebaki Lushoto kwa ajili ya kumzika, afande. Ningekuwa na neno baya moyoni si ningekuwa nimeshafika Dar?"

Maelezo hayakupishana na yale ya maandishi hata nukta. Eliaichi alimshukuru. Zabron alimnong'oneza, "Huyu yuko safi, afande," na Eliaichi hakupinga.

Wakati huo kelele zikazuka upande wa jikoni.

Kwanza walicheka wanawake. Halafu watu wakaanza kuinuka kwenye benchi. Kwenye mlango wa nyuma alikuwa amesimama Bi Fatuma, Mzigua, muuza dagaa wa sokoni, na alikuwa amevaa koti la marehemu: lile la sufu, la Ulaya, kola ya manyoya iliyoliwa na nondo. Kichwani kofia ya marehemu. Usoni amejipaka masizi kuzunguka macho.

"Jamani mchungaji yuko njiani!" Kornelio alisema kwa hasira. "Nani kamruhusu huyu?"

"Mwache, Kornelio," mzee mmoja wa kanisa alimwambia. "Umekaa sana Tanga. Wazigua ni watani wetu, na leo ni haki yao. Hata akichukua sufuria na nyama yake hatusemi kitu."

Bi Fatuma alinyoosha shingo kimalkia. Akatoka mlangoni polepole, kidevu juu, mkono wake wa kushoto ukiteleza juu ya ile kamba kama mwanamke anayepita karibu na kitanda cha mgonjwa akipapasa shuka. Hakuitazama kamba. Alitabasamu. Watu wakapiga makofi, maana ulikuwa ni mwendo wa Bibi Secilia mwenyewe. Mama mnene wa viazi alifuta machozi huku anacheka.

Kijana mmoja akamchokoza kutoka kushoto: "Shikamoo Bibi!"

Bi Fatuma alisimama. Kichwa kikageuka kwanza, sikio mbele, kisha uso ukafuata, na lile tabasamu likaenda kutua juu kidogo ya kichwa cha kijana.

"Marahaba mwanangu. Umependezaje leo!"

Wakacheka. Bi Fatuma akapiga hatua mbili, akakutana na gogo la kupasulia kuni. Akaliinamia kwa heshima.

"Na wewe mwanangu, umependezaje leo!"

Turubai zima liliangua kicheko. Akachukua kikombe, akaning'iniza kidole kimoja ndani ya ukingo, akamimina chai kutoka kwenye birika hadi ilipogusa kidole, akaacha. Hakumwaga hata tone. Akampa mgeni asiyekuwepo, akamwambia anywe, akamtazama hewani kwa mapenzi makubwa. Hapo vicheko vilianza kupungua kimoja kimoja. Wazee walikuwa wametazamana. Mama wa viazi alikuwa ameziba mdomo kwa kanga.

Eliaichi alikuwa anaitazama ile kamba. Kisha akayatazama makopo rafuni kupitia mlango wa jiko ulio wazi.

Alimngojea Bi Fatuma nyuma ya banda la kuni.

"Haa, polisi," alisema Bi Fatuma, akijifuta masizi kwa kiganja. "Umekuja kunifunga kwa ajili ya koti? Nifunge basi, nami nile wali wa serikali. Wewe Mpare nakujua, utanihesabia punje."

"Shikamoo mama. Sikufungi. Nataka kujua ulichokuwa unakiigiza."

"Namwigiza aliyekufa. Ndiyo kazi."

"Bibi alikuwa haoni?"

Bi Fatuma aliacha kujifuta. Utani ulimtoka usoni.

"Haoni hata jua, baba. Mwaka wa tatu sasa."

"Mbona wote hawa hawajui? Ndugu zake hawajui?"

"Watajuaje? Ninyi si mlikuwa mnainama? Shikamoo bibi, shikamoo bibi, mmetazama miguu yake. Nani angemkazia macho mkubwa kama yule? Mchungaji mwenyewe alikuwa anamwinamia. Mimi mtani wake. Mimi nikifika hapa na dagaa zangu namsogelea pua kwa pua, namwambia Msambaa wewe una sura mbaya kama kiatu cha mvua. Siku moja nikamtolea ulimi. Kimya. Anatabasamu tu. Nikajua."

"Ukamwambia?"

"Nilimwambia. Akanishika mkono huu, akaniambia, Mzigua, ukinisema nitakufa. Nikanyamaza. Sasa amekufa, mdomo umefunguliwa. Leo ndiyo siku yangu ya kusema, na nimesema."

Eliaichi alishika kofia yake kwa mikono miwili.

"Mazishi ni mchana huu, mama. Na yule msichana anapelekwa Tanga."

"Glory?" Bi Fatuma alimtazama, akalifunga koti vifungo hadi juu. "Wewe kafanye kazi yako, mwanangu. Mimi nina yangu."

Zabron alitumwa hospitali kwa mbio. Alirudi anahema, akamkuta mkubwa wake mlangoni mwa kituo.

"Mtoto wa jicho, macho yote mawili, afande. Daktari anasema ulikuwa umekomaa hata kwa tochi haoni kitu. Nikamuuliza mbona hakuandika. Akasema, mliniuliza kilichomuua, hamkuniuliza alikuwa anaonaje."

Glory alitolewa, akakalishwa kwenye kiti. Alikuwa msichana wa miaka kama kumi na tisa, mfupi, mikono ya mtu anayelima, kanga yake imechafuka sakafuni. Alimwamkia Eliaichi akiwa ameinamisha uso.

"Glory. Bibi alikuwa haoni."

Msichana aliinua kichwa ghafla. "Nani amesema?"

"Bi Fatuma. Amelivaa koti."

Glory alijifunika uso kwa kanga. Walimwacha alie, na Zabron akaenda kumletea maji.

"Kwa nini hukutuambia?" Eliaichi aliuliza alipotulia.

"Hamkuniuliza. Mliniuliza kwa nini nimemsukuma."

Zabron alitazama dirishani.

"Na niliapa," aliendelea Glory. "Nilishika Biblia yake. Alisema wakijua sioni, watanishusha Tanga nikafie kwenye joto. Alisema ni zile taa za huko, taa kali za kupigia sinema, zilianza kumla macho angali msichana, uzee ukamalizia. Asubuhi tulikuwa tunafanya mazoezi. Mimi nakaa kila upande wa chumba, nasema neno, yeye ananitazama. Ninamwambia juu zaidi Bibi, kushoto kidogo Bibi. Akipatia anacheka. Alikuwa anasema zamani walimlipa ili macho yaseme, sasa anayafundisha kudanganya na hakuna anayelipa."

"Kila mgeni alimwambia amependeza?"

"Kila mgeni. Alisema hakuna mtu atakayebisha."

"Lile kopo. Alikuwa analifungua?"

"Hapana afande. Hata mara moja. Alikuwa analiweka mapajani, anaweka mkono juu, basi. Nilimwuliza Bibi, tulifungue mimi nikuambie kilichomo? Alikataa. Alisema afungue halafu asijione? Bora libaki limefungwa."

"Na mbele, kwenye njia ya mkato, alikuwa anapita?"

"Kamwe! Alikuwa anaiogopa. Mbele anaishia barazani, anashika nguzo." Alijifuta macho kwa kanga. "Siku ile nilikwenda sokoni kununua mafuta ya taa tu. Nilikuwa nakimbia nirudi. Niliona mtu anatembea haraka barabarani, sikumsalimia kwa sababu nilikuwa nakimbia."

Eliaichi aliinuka. "Zabron, nenda stendi, ofisi ya mizigo. Kila kifurushi chenye jina la Ulimboka kiletwe msibani. Na umwambie dereva wa Landrova asiondoke mpaka mimi nimefika."

"Mkuu je?"

"Nitamwambia mwenyewe."

Jeneza lilikuwa limeshatolewa kwenda kanisani, na nyumba ilikuwa karibu tupu. Eliaichi alimwomba Ulimboka abaki nyuma. Kornelio naye alibaki, kwa kuwa ni yeye mwenye funguo, na alikuwa anatazama saa yake kila mara.

"Nisaidie jambo moja tu," Eliaichi alimwambia Ulimboka pale sebuleni. "Simama alivyosimama bibi."

"Hapa." Ulimboka alisimama dirishani. "Utepe mkono wa kulia, hivi. Akausogeza kwenye jicho, akafumba jingine."

"Alifumba jingine?"

"Ndiyo, ili aone vizuri. Picha zenyewe ndogo."

"Akakuonyesha farasi."

"Akasema, ona nilivyokuwa mwepesi."

"Kornelio, umesikia?"

"Nimesikia," alisema Kornelio bila subira. "Afande, watu wanatungoja kanisani."

"Shangazi yako alikuwa kipofu. Mwaka wa tatu. Daktari amethibitisha, Glory amethibitisha, na ile kamba unayoiita ya kuanikia ndiyo iliyokuwa inampeleka chooni."

Kornelio aliketi kwenye kiti kilichokuwa karibu. Ulimboka alikuwa bado amenyanyua mkono dirishani, ameshika utepe usiokuwepo.

"Haiwezekani," alisema. "Alikuwa ananitazama."

Nje kulisikika vishindo. Zabron na mpagazi mmoja waliingia na kasha la mbao lililofungwa kwa kamba. Walilifungua sakafuni. Juu kulikuwa na majani makavu ya migomba, chini yake saa ya ukutani, na nyuma ya mashine ya saa, pale pendulumu inapopita, kopo la bati la duara lilikuwa limesukumizwa kwa nguvu.

Ulimboka alishusha mkono.

"Sikumgusa," alisema. "Mungu ananiona, sikumgusa. Alikwenda jikoni kunitengenezea chai. Nikalichukua kabatini. Mlango ukalia, nikashika njia ya mkato. Akanifuata."

"Akisema nini?"

"Mwanangu, rudisha. Hivyo tu. Mwanangu, rudisha. Nilikuwa nimeshakata kushoto, niko chini kwenye ngazi. Nikageuka, namwona anakuja, kidevu juu, anakuja moja kwa moja. Nikajua atakata. Amekaa hapa miaka yote! Na macho yake yako kwangu, afande. Kwangu kabisa. Ningejua haoni ningepiga kelele, naapa."

"Labda ungepiga," Eliaichi alisema. "Na alipokwisha kuanguka? Hapo ulihitaji kujua kama anaona?"

Ulimboka alitazama sakafu.

"Ulimwacha pale. Halafu ukakumbuka kuna msichana mwenye kikapu."

Kornelio alikuwa amelichukua kopo. Alilishika kama watu wanavyoshika sahani ya sadaka. "Nataka kumwona," alisema. Kifuniko kilikuwa kimekamata kwa kutu, ikabidi Zabron akitekue kwa kisu. Harufu kali ikatoka, kama ya soksi zilizosahaulika kwenye siki. Hakukuwa na utepe. Kulikuwa na kitu cha rangi ya kahawia kilichogandamana katikati kama asali iliyoharibika, na pembeni unga mtupu. Kornelio aligusa kwa kidole. Unga ukabaki kidoleni.

"Ndiye huyu?" aliuliza. "Ndiye shangazi huyu?"

Zabron alilifunika kopo taratibu.

Saa za chakula zilipopita, Landrova ilishuka kuelekea Mombo na Ulimboka ndani, amefungwa pingu, na koti lake la ngozi limekunjwa mapajani. Mkuu alitia sahihi hati ya kumwachia Glory bila kusema maneno mengi. Eliaichi alimwuliza msichana kama anataka kwanza kwenda nyumbani kuoga. Alikataa. Walipanda makaburini kwa miguu, yeye mbele, askari wawili na Kornelio nyuma. Kornelio hakuwa amesema naye neno tangu atoke mahabusu, na njiani alikohoa mara nyingi kama mtu anayetafuta pa kuanzia.

Walitarajia kukuta kaburi limeshafukiwa. Lakini watu walikuwa bado wamesimama, jeneza liko juu ya miti, mchungaji amefunga kitabu amekishika kifuani, na wazee wa kanisa wanatazamana kwa pembe za macho. Ndani ya kaburi, juu ya udongo mbichi, Bi Fatuma alikuwa ameketi, miguu ameinyoosha, anatafuna muwa.

"Tangu ibada iishe," mzee mmoja alimweleza Kornelio kwa aibu. "Tumempa kuku, kamkataa. Tumempa sanda, kaikataa. Anasema Wasambaa wanataka kumzika mtu wake nusu. Kwa desturi hatuwezi kumtoa kwa nguvu."

Eliaichi alisogea ukingoni. "Mama. Amekuja."

Bi Fatuma alitema ganda la muwa. Alimtazama Glory kutoka chini, kuanzia miguuni hadi kichwani, kwa muda mrefu.

"Umechelewa, mtoto mbaya," alisema. "Nimekaa na baridi humu. Haya, nipe mkono nitoke, na huyu kiburi wenu aingie apumzike."

Glory alipiga magoti kwenye udongo akampa mikono yote miwili. Bi Fatuma alipanda, akajipangusa, akaondoka zake bila kuangalia nyuma, na watu wakampisha. Wimbo ukaanza. Jeneza likashushwa kwa kamba, taratibu, wanaume wanne wakiachia kidogo kidogo, na mchungaji akasema maneno yake ya udongo kwa udongo.

Kisha mzee wa kanisa akasimama na kuanza kuwaita watu waje watie udongo, kwa utaratibu kama kawaida. Akaita watoto wa marehemu, halafu akajizuia, kwa maana Bibi Secilia hakuzaa. Akaita wajukuu, kwa mazoea tu, na alikuwa ameshafungua mdomo kuita majirani.

"Subiri," Kornelio alisema.

Alitoka kwenye mstari wa wafiwa, akaenda hadi nyuma kabisa, pale Glory aliposimama kati ya askari wawili, na mbele ya watu wote aliowaambia jana kuwa huyu ni muuaji, akavua kofia.

"Mjukuu yupo," alisema. "Twende, mwanangu. Tangulia."